Biskuti ya Pili

Siku tulipomzika Mzee Deo, aliyetukwamisha alikuwa fundi wa msalaba. Alikuwa amechuchumaa kando ya kaburi na kopo la rangi nyeusi, brashi mkononi, akauliza, "Jina yake kamili ni nani?" Watu wote tuliokuwa pale, tuliokula na marehemu, tukasali naye na kugombea naye foleni ya maji bombani kwa miaka na miaka, tukatazamana kama wanafunzi walioulizwa hesabu ngumu. "Deo," mtu mmoja akasema. "Deo njo tunajua," fundi akajibu, "lakini ba-Deo ni bengi hapa Dzaleka. Deo nani?" Mchungaji akatikisa kichwa. Wazee wa Kirundi wakanong'onezana. Mimi nilikuwa nalijua. Nililijua kwa Kirundi na nililijua kwa Kiitaliano, lakini nilisimama pale mdomo nimeufunga, kitenge nimekivuta mpaka shingoni kwa baridi ya mwezi wa sita, nikiogopa vilevile nilivyokuwa nikiogopa nikiwa na miaka kumi na tisa. Sikuwa namwogopa tena yule mzee. Niliogopa jina. Mtu mzima na wajukuu wangu, naogopa jina la maiti.

Mwaka huo wa ujana wangu ulianzia katika chumba kimoja nyuma ya kanisa, hapahapa kwenye kambi ya wakimbizi. Kilikuwa chumba cha matofali ya udongo, dirisha moja lisilo na kioo, madawati machache yaliyokataliwa na shule, na ubao ambao kila ukifutwa ulirudisha maandishi ya juzi. Pembeni parokia iliweka magunia yake ya mahindi, kwa hiyo somo zima lilinuka pumba na panya. Mwalimu wetu alikuwa Sista Lucia, mtawa wa Kiitaliano, mwembamba, mwenye viatu vya kiume, aliyekaa Dodoma miaka mingi kabla ya kuja Malawi. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha kwetu sote, na alitusahihisha hata tulipomwamkia. Alikuja kutoka Lilongwe mara mbili kwa wiki kutufundisha Kiitaliano, sisi vijana wachache tuliomaliza sekondari, kwa sababu ilisemekana kwamba huenda wawili watatu kati yetu wakapata nafasi ya chuo huko kwao. Neno "huenda" lina nguvu kambini. Kuna watu wamelea watoto kwa huenda.

Siku ya kwanza aliandika swali moja ubaoni, akalisoma kwa kuimba kidogo: *Come ti chiami?* Unaitwa nani? Akamnyooshea mkono kijana aliyekaa mbele, uso wote umejaa upendo. Kijana akainamisha kichwa. Akamgeukia msichana aliyefuata, naye akatazama dirishani. Sista akacheka, akidhani ni haya ya wageni, akarudia swali polepole zaidi, na chumba kikazidi kunyamaza mpaka tukasikia panya wakitafuna kwenye magunia. Hakujua kwamba tulikotoka swali lile liliulizwa barabarani, mbele ya kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, na jibu lako ndilo lililoamua kama utapita. Mimi nilikumbuka mtaa wetu. Kaka yangu, pacha wangu, alikuwa ameona watu wakimchukua jirani yetu, ambaye hakuonekana tena, na mmoja wao alimtazama kaka usoni. Siku chache baadaye wakaja mtaani wakimuulizia kijana aitwaye Bukuru, na kila mtu akawaambia hamjui. Wakakaa kwenye baa iliyopakana na uwanja wetu, wakinywa na kusubiri. Bibi yangu, ambaye masikio yake hayakuwa yamesikia habari hiyo, akaniita kutoka jikoni kwa sauti yake yote: "Butoyi!" Basi. Kwetu Burundi ndivyo mapacha wanavyoitwa: aliyetangulia ni Bukuru, mkubwa, na aliyefuata ni Butoyi, mdogo. Hakuna Butoyi asiye na Bukuru wake. Nilimwona mmoja wa wale watu akiweka chupa chini na kugeuza shingo kuelekea uwanjani kwetu. Mimi na kaka yangu tulitoka kwa nyuma, kupitia shamba la mihogo, na hatukurudi tena.

Shangazi Konsolata, aliyetupokea Dzaleka na cherehani yake moja na kikohozi chake, alituwekea sheria kabla hatujanawa miguu. "Butoyi alikufa ku njia," alisema. "Bukuru naye vilevile. We ni Jeanine. Na we, mukubwa, huku kambi hautakaa. Barundi ni bengi huku, na kila mutu iko na mudomo." Kwa hiyo Bukuru akaenda Lilongwe, akajificha Mtandire, kwenye vichochoro vile vya mabati na matope pembeni mwa mji, akawa anaitwa John Banda, jina ambalo Malawi ukirusha jiwe sokoni lazima limpate mmoja. Alichimba vyoo, alibeba matofali, alifanya kila kibarua cha siku, ambacho kule wanakiita ganyu. Na mimi nikawa Jeanine, ambaye akiitwa kwa ghafla anachelewa kuitika.

Aliyeuvunja ukimya wa siku ile ya kwanza alikuwa msichana wa Fizi, kule Kongo, mwenye kicheko cha kuvunja vyungu. "*Mi chiamo* Sikujuwa," alisema. Sista akauliza maana yake ni nini. "Njo ile ile, Sista. Sikujuwa. Mama alisema, mi sikujua kama ule mwanaume iko na bibi mwingine." Sista Lucia alicheka mpaka akakalia gunia la mahindi. Akainuka, akajifuta macho, akaandika ubaoni: *Non lo sapevo*. Sikujua. Tangu siku ile ukawa ndio mchezo wetu. Kila mmoja alitaja jina lake, akaeleza kwa nini alipewa, na Sista akalitia katika Kiitaliano. Kwetu sisi wa Maziwa Makuu jina si pambo. Ni neno ambalo wazazi wamelisema siku uliyozaliwa, la shukrani au la matusi, na mtoto analibeba maisha yake yote kama mzigo aliotumwa kuupeleka. Sista alisema kwao pia majina yalikuwa na maana zamani, ila watu wameyavaa mpaka maana zikachakaa. Zamu yangu ilipofika nilisema Jeanine, na hapakuwa na cha kufasiri. "Giovanna," akasema, akapita. Nilishukuru. Na papo hapo nikamwonea wivu, wivu wa kweli, Sikujuwa na baba yake mzinzi.

Somo lilipoisha nilibaki nyuma nikajifanya nafuta ubao. Nikamuuliza Sista, mtu ambaye ni mkubwa anaitwaje? *Grande*, akasema. Na mdogo, akiwa mwanamke? *Piccola*. Niliyabeba maneno yale mawili mpaka Mtandire Jumapili iliyofuata, pamoja na unga na usipa, dagaa wa huku, wa kukaanga aliomfungia shangazi. Chumba cha kaka yangu kilikuwa na mlango wa bati, mkeka, sufuria moja, na msumari ukutani ambao ulikuwa ndio kabati lake. Kirundi tulikiacha nje, maana kuta za kule ni nyembamba na jirani anasikia ukikuna kichwa. Tulinong'ona Kiswahili. Nilimwambia majina yetu kwa Kiitaliano, naye akayajaribu mdomoni akitafuna nsima, ugali wa huku. "Grande," alisema, akakunja mkono kuonyesha misuli. Tangu hapo ikawa ndiyo kodi ya mlango wake. Nikigonga aliuliza kutoka ndani, "*Come ti chiami?*" nami nikajibu, "Piccola," na komeo likafunguliwa. Swali lililotufukuza kwetu sasa lilikuwa linanifungulia mlango. Katika lugha ambayo hakuna Mrundi wala Mmalawi wa mtaa ule aliyeijua, tulikuwa tumepata mahali pa kuyaficha majina yetu bila kuyaua.

Deo aliingia darasani wakati wa joto, kabla ya mvua. Alikuwa mtu mzima, kama miaka hamsini, koti la suti na suruali isiyofanana nalo, na alikaa benchi la nyuma karibu na magunia. Hakuwa na daftari. Wengine wote tulikuja kwa ajili ya chuo. Mtu wa umri ule alikuja kutafuta nini? Lafudhi yake ilikuwa ya kwetu kabisa, ya upande wetu wa ziwa. Sikujuwa aliniambia ninaota, kwamba mzee anapenda tu kukaa mahali penye watu. Lakini mimi niliyaona macho yake. Yalikwenda kutoka uso mmoja hadi mwingine, yakirudi, yakihesabu. Na nje ya darasa alikuwa na desturi ya kuuliza. Unaitwa nani, unatoka mlima gani, muko ngapi kwenu. Aliwauliza Warundi peke yao, hasa vijana.

Siku Sista alipofikia zamu yake ya jina, alisimama, akavua kofia. "Nzikobanyanka," alisema. Sisi Warundi tuliosikia tulitazama chini. Sista akamwomba aseme maana. Akafikiri kidogo, akasema kwa Kiswahili chake kizito, "Ninajua kama bananichukia." Chaki ya Sista ikasimama hewani. Kisha akaandika taratibu, *So che mi odiano*, na hakuna aliyecheka, hata Sikujuwa. Nilipaswa kujua. Mimi, Mrundi, nilipaswa kuliko mtu yeyote kujua kwamba jina lile alilisema baba yake kuwaambia majirani zake, juu ya ugomvi wa mpaka au ng'ombe, miaka mingi kabla ya Deo kujua kutembea. Lakini woga hauulizi ukoo wa neno. Niliyatazama maneno yale ubaoni, meupe, makubwa, na nikajiuliza, wanamchukia kina nani, na kwa kosa gani? Nililala nayo. Kipindi kilichofuata yalikuwa bado yapo ubaoni, chini ya somo jipya, kwa sababu ubao ule haukufutika.

Mwezi wa kumi na mbili, mvua zikiwa zimeanza na njia za kambi zimekuwa uji mwekundu, Sista Lucia alikuja na kopo la biskuti. Ilikuwa siku ya jina lake. Alitueleza kwamba kwao mtu husherehekea siku ya mtakatifu ambaye ni wajina wake, kama wengine wanavyosherehekea siku ya kuzaliwa, na kwamba leo anataka kila mmoja wetu awe na sherehe pia. Atakayekuja mbele ataje jina lake kwa Kiitaliano, apigiwe makofi, achukue biskuti. Fikiria watu kama sisi kuandaliwa karamu ya majina. Lakini mvua ilikuwa ikipiga bati, Sista alichemsha chai yenye maziwa kwenye jiko la mkaa, na chumba kile kwa mara ya kwanza kilinuka kitu kizuri. Non lo sapevo alikwenda mbele akicheza rumba. Wengine wakafuata. Nilipofika mbele ya kopo lile nilikuwa nacheka. Sista akauliza, "*E tu?* Na wewe unaitwa nani leo?" na mimi, kwa furaha ile, kwa upumbavu ule wa tumbo lenye chai, nikasema, "Piccola." Walipiga makofi. Mkono wangu ukaingia kwenye kopo ukatoka na biskuti mbili. Sikuutuma. Kwetu anayempa pacha kitu humpa viwili, kimoja chake na kimoja cha mwenzake, na tangu tukiwa wadogo mama alitupiga vidole tukipokea kimoja, akisema ukichukua kimoja umemla ndugu yako. Nilikula moja. Ya pili niliifunga kwenye ncha ya kitenge. Nilipoinua macho, watu wote walikuwa wakila na kuongea, isipokuwa mmoja, kwenye benchi la nyuma, ambaye alikuwa ameacha kutafuna.

Alinikuta chini ya upenu, nikisubiri mvua ipungue. "Dada," alisema kwa sauti ya chini. "Biskuti ya pili ni ya nani?"

"Ni ya tantine, shangazi yangu."

"Hmm." Alitazama mvua. "Piccola," akasema, akilionja lile neno. "Mi sijasoma sana. Lakini mutu mudogo, kwa Kirundi, tunamwitaka je?" Nikaikaza ncha ya kitenge. Akasogea hatua moja, na nikaona koti lake limelowa mabega. "Na Grande iko wapi?"

Nilikimbia. Nilianguka kwenye matope nikainuka. Nakumbuka nilikuwa nimeishika ile ncha ya kitenge kwa mikono miwili kana kwamba ndani yake nimembeba kaka yangu mzima. Shangazi alikuwa anashona sare za kwaya. Nilimweleza huku nikihema, naye hakuinua kichwa mpaka mshono ulipofika mwisho. Kisha akauma uzi kwa meno. "Tumefunga mudomo mwaka muzima," alisema, "mukono njo umesema." Hakunigombeza zaidi ya hapo. Alizima redio, akafunga dirisha mchana kweupe, tukakaa gizani tukisikiliza kila mguu uliopita nje.

Asubuhi nilichukua baiskeli ya kabaza, ile ya kubeba abiria, mpaka barabara kuu, na kutoka hapo lori la mkaa mpaka mjini. Nilizunguka kwanza mtaa wa Mchesi, nikaingia duka hili na kutoka lile, nikiangalia nyuma, ndipo nikakata kwenda Mtandire. Bukuru hakuwa ameenda kazini kwa sababu ya mvua. "*Come ti chiami?*" aliuliza kwa utani kutoka ndani, na mimi sikuweza kulijibu lile neno. Nilisema tu, "Fungua."

Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza aliuliza, "Alisema Grande? Kwa mudomo yake?"

"Alisema."

"Njo basi." Akatoa shati kwenye msumari, na kabati likawa tupu. Alisema kuna mashamba ya tumbaku upande wa Mitundu, hawaulizi karatasi, wanauliza mgongo tu. Nilimwomba angoje kidogo, labda tuwaulize watu kwanza huyu Deo ni nani. Alinitazama kwa upole ambao mpaka leo unanichoma. "Piccola," alisema, "bale ba kwetu ku baa nao, tungengoja kuuliza ni ba nani?" Nilifungua ncha ya kitenge nikampa biskuti yake, iliyokuwa imepasuka kidogo na kupata unyevu. Alikula yote pale mlangoni, akalamba chembe kiganjani. "Ni tamu," alisema. "Waitaliano wanajua. Nitakutumia neno." Akapita kati ya nyumba mbili, akaruka mtaro, na shati lake la bluu likapotea nyuma ya banda la mtu.

Siku chache baada ya hapo Deo alikuja kwetu. Ilikuwa alasiri, watu wanapita, wanawake wanatwanga. Shangazi alisimama mlangoni na mkasi wake wa kushonea mkononi, mimi nikiwa nyuma ya pazia. Mzee hakujaribu kuingia. Aliweka kitu kwenye kizingiti, kimefungwa kwa jani la mgomba, akarudi nyuma. Yalikuwa mayai mawili. "Mama," alisema, "mi nilikuwa na bapacha. Mukubwa na mudogo. Mutu akiona pacha mumoja bila kumusalimia mwenzake, haiko muzuri. Njo maana niliuliza." Shangazi akamjibu kwamba hapa hakuna pacha, kuna Jeanine, na Jeanine ana kazi za nyumbani. Deo akainamisha kichwa. "Sawa. Lakini mayai ni mbili," akasema, akaenda. Nilitoka nyuma ya pazia na kumuuliza shangazi, kama anasema kweli? "Kila mutego uko na chambo," alisema, akayatupa mayai yote mawili chooni. Mayai, kambini, mwisho wa mwezi. Kwa hilo nilijua kwamba hata yeye anaogopa kupita kiasi.

Lilikuja neno moja tu. Mama mmoja muuza nyanya alituambia kwamba Banda wa Mitundu anasema anakula, anafanya kazi. Baada ya hapo kimya. Na katika kimya kile nilianza kumchunguza Deo, kama alivyokuwa akituchunguza. Aliendelea kuja darasani. Hakunisogelea tena. Nilimwona akigawa karanga kwa watoto wa bombani, na kwa kila mtoto mkono wake ulitoa mafungu mawili, kisha ukarudisha moja mfukoni, kwa aibu. Mtego gani huo unaotegwa hata pale ambapo hakuna mnyama? Mashaka yakanigeuka. Nilikuwa nimeogopa kwamba mtu huyu atampata kaka yangu. Sasa niliogopa kwamba hakuwa anamtafuta, na kwamba nimemfukuza Bukuru kwa sababu ya mzee mwenye huzuni na jina baya. Sijui ni woga upi ulikuwa mzito. Huu wa pili ndio uliozeeka nami.

Mahindi yalipokomaa nilikwenda Mitundu siku ya gulio ili nimwambie arudi. Kulikuwa na watu kama siafu, marundo ya viazi, mbuzi waliofungwa miguu, wanaume wa tumbaku wakinywa pombe ya mahindi kwenye vikopo. Ndipo nilipoelewa shida yangu. Nitamuuliza kwa jina gani? Bukuru sikuthubutu, katika umati ule kungeweza kuwa na sikio moja la kwetu. Nikasimama kwenye njia ya kati nikaita, "Banda! John Banda!" Nusu ya soko iligeuka. Vijana, wazee, mwenye mbuzi, mwenye baiskeli. Wote walikuwa Banda na hakuna aliyekuwa wangu. Mama mmoja wa viazi akaniuliza kwa Kichewa, "*Mukufuna ndani?*" Unamtaka nani? Sikuwa na jibu ambalo si la hatari. Basi nikajaza kifua, nikaita lile jina ambalo tulilificha mahali salama. "Grande!" Nikatembea kutoka marundo ya viazi mpaka machinjioni nikiita, "Grande! Grande!" sauti ikipasuka, na watu wakinipisha kama wanavyompisha kichaa. Safari hii hakuna hata shingo moja iliyogeuka. Nilirudi tena gulio lililofuata, na lililofuata. Meneja wa shamba moja alisema vijana wengi waliondoka baada ya kuvuna, wengine kuelekea kusini, wengine Msumbiji, nani anawahesabu.

Sista Lucia aliniita mwaka wa masomo ulipokaribia kuisha, baridi imerudi. Alisema anataka kupeleka jina langu, kwamba nina sikio la lugha. Nilimwambia hapana. Aliniuliza kwa nini, na nikasema nusu ya ukweli, kwamba kuna mtu aliyeniahidi kunitumia neno, na huyo anaijua Dzaleka tu. Alinishika mashavu kwa mikono yake yenye chaki. Aliyekwenda alikuwa Sikujuwa, na yuko huko mpaka leo. Ananitumia sauti kwenye simu, anasema Waitaliano wakimuuliza maana ya jina lake anawaambia, na wanacheka kama Sista alivyocheka.

Nilibaki. Niliolewa nikiitwa Jeanine, nikazaa nikiitwa Jeanine, shangazi akafariki akiniita Jeanine. Na kila mwezi wa kumi na mbili, mvua zikianza, niliyakuta mayai mawili kizingitini, kwenye jani la mgomba. Hakugonga mlango hata mara moja. Miaka ya kwanza sikuyagusa. Baadaye nilianza kuyapika, yote mawili kwa pamoja, na kula moja. Tulisalimiana njiani, yeye akivua kofia, mimi nikipita haraka. Sikumwita kwa jina hata siku moja, na sikumuuliza kitu, kwa sababu jibu lolote lingeniumiza.

"Jina kamili," fundi alirudia, rangi ikianza kukauka kwenye brashi.

"Nzikobanyanka," nilisema.

Wazee wakaguna. Bikizee mmoja, Mama Spesi, aliyeingia Dzaleka mwaka huu tu, akanigeukia macho yakiwa yamemtoka. "Nzikobanyanka wa ku ziwa?" akauliza. "Baba ya bale bapacha? Mi nilimujua! Batoto yake balizama, bote wawili, ile siku tunakimbia na mutumbwi. Alikuwa anabaita kwa maji mpaka sauti inaisha. Bukuru! Butoyi! Bukuru!" Akajifuta pua na kitenge. Fundi akaanza kuandika. Herufi zilikuwa nyingi kuliko ubao wa msalaba, zikabidi zibanane mwishoni. Sikulia. Nilikuwa nazisoma moja moja, mpaka ya mwisho.

Baada ya kaburi kufunikwa walileta chai na sinia la mandazi, na Mama Spesi ndiye aliyegawa. Alinipa andazi langu, akanishika mkono. "Umefanya vizuri, mama, kumupa jina yake. Na we unaitwaka nani?"

Watu walikuwa wengi. Warundi walikuwa wengi. Nilitazama kaburi, nikatazama njia inayotoka barabarani, ambayo nimeitazama kila siku.

"Butoyi," nilisema.

Najua alichotaka kuuliza, Bukuru wako yuko wapi, kila Mrundi angeuliza, na nilikuwa tayari kumwambia sijui. Hakuuliza. Alirudisha mkono kwenye sinia, akachagua andazi kubwa, akaniwekea juu ya lile la kwanza.